Niondolee Ukungu Tu

Ukungu wa baharini hauna adabu. Haubishi hodi, hausubiri kukaribishwa. Unapanda kutoka gatini asubuhi, unapita chini ya milango, na kabla watu hawajamaliza kunawa nyuso umeshakaa sebuleni na kukunja miguu. Msimu wake ukifika, chumvi inageuka uji ndani ya kopo, viberiti vinagoma, mkate unalegea, na milango ya mbao inavimba hata mtu anatumia bega kuingia chumbani kwake mwenyewe. Nguo ndiyo usiseme. Unaanika asubuhi, jioni unaanua zikiwa nzito kuliko ulivyozianika. Katika msimu huo mtaa mzima, na wale wasiosalimia watu wakiwemo, humkumbuka dobi.

Jina alilopewa dobi huyu na wazazi wake lilitajwa na mkewe peke yake, tena siku akiwa amekasirika. Wengine wote walimwita Kola, kwa sababu hakuweza kumtazama mtu usoni kabla ya kumtazama kola. Msibani watu wanalia, yeye anamnong'oneza mkewe kwamba msemaji wa familia shati lake limefuliwa na mtu asiyejua kusuuza. Mkewe alikuwa amezoea kumfinya paja mapema, kabla hata hajafungua mdomo.

Kazi aliirithi kwa mjomba wake, pamoja na pasi mbili za mkaa na meza pana iliyotandikwa blanketi kuukuu. Alifanya kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Kamba zilikatiza dari kutoka ukuta hadi ukuta, mabeseni yalipangwa chini ya dirisha, na jiko lilikaa katikati likiwaka kutwa. Ukifungua mlango unakutana na mfereji wa maji machafu unaopita mbele ya nyumba kuelekea baharini. Chumba kile kilikuwa kikavu na chenye joto wakati mtaa wote unatota, na wapo waliokuja kuulizia shati ambalo hawakulileta, alimradi wapate kuota moto.

Mjomba alimfundisha pia kunyunyiza kwa mdomo. Unavuta funda la maji yenye wanga kidogo, unajaza mashavu, unapuliza juu ya nguo manyunyu membamba, kisha pasi inafuata. Chupa za kunyunyizia zipo madukani, lakini Kola alishikilia kwamba chupa inatema, mdomo ndio unaopuliza. Huenda ni kweli. Ubaya wake ni kwamba dobi wa namna hii ukimsemesha wakati mashavu yamejaa, anakujibu kwa kichwa. Na kichwa kinajua mambo mawili tu, kukubali na kukataa. Hakiwezi kuuliza.

Jambo la mwisho alilofundishwa na mjomba, na hili lilimwingia hadi kwenye mifupa, ni kwamba doa haliachwi. Ukiliona, umelioa. Kola hakuwahi kurudisha nguo yenye doa, hata pale mwenyewe alipomwambia haina haja, hata pale doa lilipokuwa ni maua ya gauni lenyewe. Mwenye gauni hakucheka.

Sasa, siku moja ya ukungu mzito, alikuja mjane wa Mzee Honi.

Mzee Honi alikuwa mpiga honi ya ukungu kule mwisho wa gati, ile inayozionya meli kwamba nchi kavu iko hapa, zisije zikaipanda. Siku hizi honi inajipiga yenyewe kwa mtambo, haikosei wala haichelewi. Enzi za mzee ilikuwa ikikosea, na watu waliipenda hivyo. Mlio, kimya, mlio, halafu kimya kirefu kidogo, na mtaa mzima ungejua kwamba mzee anakunywa chai. Alipofariki, watu walizoea mtambo baada ya muda, kama wanavyozoea kila kitu. Mjane wake ndiye hakuzoea. Ukungu ukishuka na honi ikianza kulia sawasawa bila kupumzika, alifunga madirisha.

Aliingia amekumbatia koti la sufu, la buluu iliyokolea, zito, lile alilokuwa akilivaa mumewe katika kibanda cha honi. Kola alikuwa juu ya suruali ya mtu, mashavu yamejaa maji, hata shikamoo hakuweza kuitoa. Aliinamisha kichwa kwa heshima.

"Endelea tu na kazi yako, mwanangu," alisema mama. "Nimekuletea koti la mzee. Nyumba yangu mwaka huu imeloa hadi kabatini. Niondolee ukungu tu. Tu, umenisikia?"

Kola akatikisa kichwa kukubali. Mama aliliweka koti juu ya kiti, akalilaza mikono vizuri, akaondoka. Kola akapuliza, pasi ikapita, suruali ikanyooka. Zile *tu* mbili alizisikia. Hilo hakuweza kulikana baadaye, hata kwa nafsi yake.

Alipomaliza suruali akalichukua koti, na macho yakaenda moja kwa moja kwenye kola. Chini ya ukosi, kwenye mshono, kulikuwa na vidoadoa vyeupe vinavyoanza kugeuka kijani. Kuvu. Na kuvu ya nguo, kama kila dobi ajuavyo, jina lake la kazini ni ukungu. Mkono wa dobi haukufikiri zaidi. Ndimu na chumvi kwenye kola, beseni la maji ya vuguvugu, sabuni laini ya sufu, koti likazama.

Na alipolikandamiza mara ya kwanza, harufu ikapanda. Oili ya honi, tumbaku, chai iliyomwagika miaka ile, na chini ya hayo jasho la mtu mzima aliyekaa mahali pa baridi. Ilijaa chumba kizima. Kola aligeuka mlangoni akidhani kuna mtu ameingia, na shikamoo ilikuwa imeshafika ulimini. Hapakuwa na mtu. Akalitazama beseni. Maji yalikuwa yamebadilika rangi yakawa kama chai ya rangi.

Hapo angeweza kuacha. Lisemwe wazi, maana ndilo lililomtesa kuliko yote. Kitu kilimwambia acha, kiliiita roho yake kwa jina lile alilolitaja mkewe peke yake. Lakini maji machafu yalikuwa mbele yake, na mtu aliyefundishwa kwamba doa haliachwi haoni maji machafu akayaacha. Aliyamwaga mlangoni, akajaza mengine, akasuuza, akamwaga, akasuuza tena mpaka maji yakawa meupe. Alipolitundika koti kwenye kamba alirudi nyuma hatua chache kulitazama, akaona amefanya kazi nzuri.

Mkewe alirudi kutoka sokoni na kapu mkononi. Alisimama mlangoni.

"Koti la mama umelifanya nini?"

"Nimelitoa ukungu. Njoo uione kola."

"Umelifua?"

"Kwani mimi nauza mchele?"

Mkewe aliliweka kapu chini taratibu, akakaa juu ya tenga la nguo chafu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Alikwambia ufue?"

"Aliniambia nimwondolee ukungu."

"Ukungu!" Akapunga mkono hewani, na kweli ukungu ulikuwa ukipita mlangoni nyuma yake. "Huu hapa! Unyevu! Alitaka likae humu kwako lipate joto, likauke, basi. Nani amekutajia kuvu?"

"Na kuvu je, haiitwi ukungu?"

"Inaitwa. Ndiyo maana watu wenye midomo huuliza."

Mkewe alishusha sauti, na ikawa mbaya zaidi, maana kelele zake Kola alizizoea. "Lile koti halijaguswa na maji tangu mzee aondoke. Nilipokuwa namuuguza mama mguu, nimeliona kwa macho yangu. Jioni anafungua kabati, anaweka uso pale kifuani, anavuta pumzi. Halafu anafunga kabati haraka, ili harufu isiishe. Ndicho kilichobaki. Picha anasema hazifanani naye."

Hakuongeza kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Alitazama tu mfereji pale nje ya mlango, na Kola akaisikia methali nzima.

"Kamwambie," alisema mkewe.

"Nitamwambia."

"Leo."

"Nimesema nitamwambia!"

Hakwenda siku hiyo. Kesho yake mama alipita dirishani akauliza, na Kola akajibu, "Bado, mama. Halijakauka. Si unauona ukungu huu?" Na mama akasema, "Usijali mwanangu, usije ukaliunguza kwa haraka." Sufu inachelewa kukauka, hilo ni kweli. Ila ni kweli pia kwamba Kola alikuwa amelihamishia koti kwenye kamba ya mwisho, mbali na jiko, mahali ambapo lingeendelea kuwa bichi na yeye aendelee kusema ukweli. Ukungu ulisingiziwa mengi katika siku hizo. Kila mama alipopita alijibiwa bado, na kila alipojibiwa alishukuru, na shukrani zile zilimchoma Kola kuliko pasi ya mkaa.

Mwishowe koti lilikauka bila ruhusa yake. Likawa safi, laini, na likanukia sabuni na ndimu, basi. Kola aliweka uso wake kifuani pa koti akavuta pumzi. Hakukuwa na mtu mle.

Ndipo shetani alipomletea akili. Alikwenda dukani akanunua tumbaku, akaomba gereji tambara lenye oili. Tumbaku akaifukiza kwenye kopo chini ya koti. Tambara akalipitisha kwenye mikono na mifukoni, polepole, kwa ufundi wote aliokuwa nao. Maisha yake yote alikuwa akitoa madoa, leo anayatia. Alikuwa akinusa, anaongeza, ananusa tena, kichwa kimeinama kama mpishi juu ya sufuria.

Mkewe alisimama akimtazama. "Unampikia marehemu harufu?"

"Nitafanyaje sasa?"

"Utafungua mdomo."

Hakuufungua. Mama alipokuja, alimkabidhi koti limekunjwa vizuri. Mama alilipokea, akaweka uso pale kifuani, mbele yao wote wawili, akafumba macho. Kisha akasema, "Ahsante, mwanangu. Ahsante sana," akatoka nalo katika ukungu. Mkewe Kola aliingia jikoni, na vyombo huko vikasemeshwa kwa nguvu.

Kola alijikaza kisabuni. Alijiambia kwamba hakuna aliyeumia. Mama ana koti lake, koti lina harufu, kola haina kuvu, basi nani amepungukiwa? Lakini alipotia tonge mdomoni aliona halina ladha, na watu waliokuja kwake aliwatazama miguu badala ya kola. Siku moja aliunguza shati jeupe, likatoka na alama ya pasi mgongoni. Mwenye shati alisamehe, akasema hata mikono ya zamani huchoka. Kola alitamani angetukanwa.

Hali ikawa hiyo mpaka mama aliporudi.

Ilikuwa mchana, lakini ukungu ulikuwa umeshuka hivi kwamba nyumba ya ng'ambo ya barabara haikuonekana, na honi kule gatini ilikuwa ikilia kwa vipimo vyake visivyokosea. Mkewe Kola alikuwa ndani akikunja mashuka. Kola alikuwa mezani, mashavu yamejaa maji, nguo imetandikwa tayari. Mama aliingia na koti mikononi. Alionekana amekonda. Alivuta kiti akakaa mwenyewe.

"Usiyateme maji yako, mwanangu, endelea. Ninalotaka kukuuliza utanijibu kwa kichwa tu." Alipapasa koti mapajani mwake. "Nadhani nimeanza kumsahau mume wangu."

Kola alisimama na pasi mkononi.

"Nanusa koti, naona kama ni mtu mwingine. Tumbaku ipo, oili ipo, kila kitu kipo, yeye simpati. Usiku ule wa kwanza nikasema ni baridi, nina mafua. Mafua gani haya yasiyokwisha? Koti ni lile lile. Basi ni mimi. Nimezeeka, pua imekufa, na yeye anatoka kichwani mwangu kidogo kidogo. Nimelia, mwanangu. Nilimwahidi kwamba hata mimi nikisahau jina langu, yeye sitamsahau." Alimnyooshea koti. "Wewe una pua ya kazi, na yeye ulimfahamu. Nusa uniambie. Kama ni yeye, tikisa kichwa tu, nami nitajua kwamba tatizo ni langu."

Kitu kilichotakiwa kilikuwa kidogo mno. Kichwa kishuke, kiinuke. Mama angerudi nyumbani na ugonjwa wake wa kubuniwa, na hakuna mtu duniani angejua, isipokuwa mwanamke mmoja pale mlangoni mwa ndani, ambaye alikuwa ameacha kukunja shuka.

Kola aliyameza maji, na wanga wake na yote.

"Si yeye, mama," alisema.

Alimweleza. Hakuruka kitu wala hakujipaka mafuta. Alieleza ukungu wa aina mbili, na mashavu yaliyojaa, na zile *tu* alizozisikia, na harufu ilivyopanda, na kwamba alijua pale pale akaendelea. Alieleza kamba ya mwisho mbali na jiko. Alieleza tumbaku na tambara. Sauti ilimkauka katikati, lakini hakunywa maji.

Alipomaliza, honi ililia, ikanyamaza, ikalia tena.

"Kwa hiyo pua yangu ni nzima," alisema mama.

"Nzima kabisa, mama."

"Sijamsahau."

"Hujamsahau."

Alivuta pumzi ndefu, na kwa muda uso wake ukawa wa mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha yale mengine yakamfikia, na Kola aliyaona yakifika. "Siku zote hizi nimekaa nyumbani najilaumu," alisema. "Na wewe upo hapa unapiga pasi."

"Ndiyo, mama. Nilipaswa kukwambia. Niliogopa. Nisamehe."

Mama hakusema amesamehe. Alilitazama koti kana kwamba ni la mtu aliyelisahau kwenye kiti, akalikunja, akaliweka juu ya meza.

"Maji uliyamwaga wapi?"

"Maji gani?"

"Yale ya kwanza. Uliyofulia."

Katika maisha yake yote ya kumwaga maji, hakuna aliyewahi kumuuliza Kola swali hilo. Alinyoosha mkono kuelekea mlangoni.

Mama alinyanyuka akatoka. Alisimama juu ya mfereji akautazama. Kulikuwa na povu la nguo za mtu mwingine, na ganda la chungwa, na maji yakipita polepole kuelekea baharini. Ukungu ulimzunguka mabega. Kola hakujua la kufanya na mikono yake. Mkewe ndiye aliyemtia kigoda mkononi na kumsukuma mgongoni. Alitoka, akakiweka nyuma ya mama, na mama akakaa bila kugeuka. Kola alianza kurudi ndani.

"Unakwenda wapi?"

Alisimama.

"Umesema ilipanda," alisema mama. "Harufu yake."

"Ilipanda, mama. Nilipokandamiza mara ya kwanza. Ilijaa chumba. Niligeuka mlangoni nikidhani kaingia, nikawa nataka kumwamkia."

"Basi wewe ndiye uliyekuwa naye mwisho," alisema mama. "Kaa. Nisimulie."

Kigoda cha pili hakikuwepo. Kola alikaa kwenye ukingo wa mfereji, palipolowa, suruali yake ikaanza kunywa maji.

"Ilianza kunuka oili," alisema.

"Kunukia."

"Ilianza kunukia oili. Halafu..."

"Polepole," alisema mama. "Usiruke kitu."